Maswali ya Wasomaji: Ramsey wa Wales, mguu wa Stoke na jezi ya Mlango Mmoja

Toleo lililopita tuliandika mstari mmoja tu, kwamba Aaron Ramsey ndio kiungo bora aliyetoka Wales kwenye kizazi hiki, basi tukawa tumechokoza watu. Meseji zimekuja kutoka Buhongwa, Igoma, Ukerewe, mpaka Sengerema kwa wale ambao kawaida wanatuuliza mambo ya mbegu za pamba tu. Zile za matusi kati ya Arsenal na Man U nimeziweka pembeni, hazichapishiki. Hizi zilizobaki nimejibu ninavyojua, pengine nimeandika sana, pengine kidogo, mnivumilie.

*Shikamoo kaka. Nacheza namba 8 timu ya mtaani huku Buhongwa, kocha kila siku ananifokea nikae katikati nisipande. Mbona Ramsey alikuwa kiungo na alikuwa anafunga kama straika? Yeye hakufokewa? — Namba Nane, Buhongwa*

Marahaba mdogo wangu. Alifokewa sana tu, tena na uwanja mzima. Msimu wa 2012/13 mashabiki wa Arsenal walikuwa wamemchoka, kocha Wenger anampanga winga ya kulia, siku nyingine anamrudisha beki ya kulia, watu wanauliza huyu dogo kazi yake hasa nini. Afu ukaja msimu wa 2013/14 akafunga mabao 16 kwenye mashindano yote, 10 kati ya hayo ya ligi, na hapo ujue aliumia paja tarehe 26 Desemba kwenye mechi na West Ham, siku yake ya kuzaliwa kabisa, akakaa nje mpaka Aprili. Yaani nusu msimu hayupo na bado anamaliza na 16!

Sasa alifanyaje. Ramsey hakuwa fundi wa pasi kama Özil wala Cazorla na nadhani mwenyewe alijua, kwahiyo akipata mpira anautoa haraka kwa mtu wa karibu, pasi ya kawaida ambayo hata wewe unaipiga, afu hasimami kuiangalia, anakimbia. Na hakimbii mapema. Anasubiri mabeki wote wamgeukie straika Giroud, maana Giroud akisimama pale mbele na mwili wake mabeki wanamkusanyikia kama dagaa kwenye taa ya mvuvi usiku, ndio Ramsey anaingia boksi kwa nyuma na hakuna aliyemuona. Angalia fainali ya Kombe la FA 2014 na Hull City. Arsenal wamepigwa mbili ndani ya dakika 9 za mwanzo, miaka 9 hawajabeba kombe lolote, nakumbuka kibanda umiza kimoja Kirumba watu walishaanza kudai hela yao ya kiingilio irudi. Cazorla akarudisha moja kwa frikiki, Koscielny akasawazisha, mpira ukaenda muda wa nyongeza, dakika ya 109 Giroud akapiga kisigino bila kuangalia nyuma na Ramsey alikuwa ameshafika, akaupiga palepale kwa nje ya mguu wa kulia, 3-2. Miaka mitatu baadae, fainali ya 2017, Chelsea wametoka kusawazisha, Giroud ndio kwanza ameingia, akapiga krosi kutoka kushoto, Ramsey huyo katikati ya boksi, kichwa, 2-1. Wawili walewale. (Mei hiyohiyo timu yetu ya Mbao FC nayo ilikuwa Dodoma fainali ya FA ya hapa nyumbani, ikafungwa na Simba 2-1 kwenye muda wa nyongeza, kwahiyo shabiki wa Arsenal wa Mwanza alifurahi nusu.)

Ila mdogo wangu kuna kitu usikiruke. Ramsey akipanda, kiungo mwenzake Arteta anabaki. Msimu ule mzuri ulikuwa hivyo, mmoja anapanda mwingine anakaa mbele ya mabeki, na miaka Arteta alipoumia au kuzeeka na mwenzake akawa mtu ambaye nae anapenda kupanda, Arsenal walikuwa wanapigwa kaunta mpaka aibu. Kwahiyo kabla hujamlaumu kocha muulize, nikipanda nani anabaki? Kama mmekubaliana fulani anabaki, panda. Kama hakuna, kocha wako ana haki ya kufoka na mimi nafoka nae.

*Mwanangu ana miaka 17, amevunjika mguu kwenye mechi ya ndondo mwezi uliopita. Baba yake kasema mpira basi. Mtoto analia, anasema Ramsey nae alivunjika mguu akarudi akawa nahodha. Ni kweli au anatafuta pa kunishikia? — Mama, Igoma*

Shikamoo mama, na pole sana. Mtoto hakudanganyi, ila amekusimulia mwisho wa hadithi akaruka katikati.

Ilikuwa tarehe 27 Februari 2010, Arsenal wako ugenini Stoke City. Ramsey ana miaka 19. Beki wa Stoke anaitwa Ryan Shawcross akamwingia kwa nguvu, mguu wa kulia ukavunjika mifupa yote miwili ya chini ya goti. Picha sitaielezea, waliokuwa wanaangalia live wengi waligeuza uso, hata wachezaji wenzake. Shawcross akapewa nyekundu akatoka analia, na jioni ileile akaitwa timu ya taifa ya England, kitu ambacho mashabiki wa Arsenal hawajakisamehe mpaka kesho. Afu haikuwa mara ya kwanza kwa mchezaji wa Arsenal, Diaby alivunjwa 2006, Eduardo 2008, ndio maana Wenger siku ile alikuwa na hasira kweli.

Sasa katikati ambayo kijana ameiruka ni hii. Alifanyiwa upasuaji, akakaa karibu miezi 9 bila mechi ya ushindani. Aliporudi hakurudi moja kwa moja Arsenal, Novemba 2010 alipelekwa mkopo Nottingham Forest, afu Januari 2011 mkopo tena Cardiff City, timu iliyomlea, ndio akapewa nafasi Arsenal mwezi Machi. Mwezi huohuo Gary Speed, aliyekuwa kocha wa Wales, akampa unahodha wa taifa akiwa na miaka 20, nahodha mdogo kuliko wote Wales iliyowahi kuwa nao. Mei mosi akaifunga Man U bao pekee la mechi. Kwahiyo nahodha ni kweli, kurudi ni kweli, lakini katikati pana daktari, pana mazoezi ya viungo ya kila siku yanayoboa, na pana timu iliyokubali kumsubiri. Na hata baada ya hapo ilimchukua kama miaka miwili kurudi kuwa Ramsey yule, mi naona mguu ulipona kabla ya moyo, maana ukiangalia mechi zake za 2011 na 2012 unamwona anawahi kuuachia mpira kabla beki hajafika.

Ushauri wangu mama, msitoe uamuzi wa kuacha wala wa kurudi mwezi huu. Mpelekeni kwa daktari wa mifupa, hospitali ya Bugando wapo, apigwe eksirei, mfupa uonekane umeunga vizuri kabla hajakanyaga mpira, na wale wanaovuta na kusugua mifupa mtaani waambieni asanteni. Daktari akiruhusu aanze taratibu, na ndondo ile ya vumbi na mawe iwe ya mwisho kurudi, sio ya kwanza. Baba nae mwambie Ramsey alipomaliza kuvunjika alikuwa na miaka 15 ya kucheza bado mbele yake.

*Oya mhariri, ni kweli Ramsey akifunga anakufa mtu maarufu? Kijiweni kwetu tumegombana mpaka mtu kachelewa abiria. — Bodaboda, Kirumba*

Hii nilijua itakuja tu. Wanaosema wana orodha yao na tarehe zake ni za kweli. Mei 1, 2011 kafunga na Man U, kesho yake Osama bin Laden kauawa. Oktoba 2 mwaka huohuo kafunga na Tottenham, tarehe 5 Steve Jobs kafariki. Oktoba 19 kafunga na Marseille, tarehe 20 Gaddafi. Februari 11, 2012 kafunga na Sunderland, siku ileile Whitney Houston. Unaona jinsi inavyonoga.

Sasa geuza upande wa pili. Ramsey kaifungia Arsenal zaidi ya mabao 60, weka na yale ya Wales zaidi ya 20, bado Cardiff, Juventus, Rangers na Nice. Hebu nitajie aliyekufa baada ya kila bao. Huwezi. Msimu wa mabao 16 ulitakiwa uwe msiba wa dunia nzima, lakini watu wakaokota mmoja, mwigizaji Paul Walker aliyefariki Novemba 30, 2013, siku Ramsey amefunga mawili kule Cardiff. Watu maarufu duniani ni maelfu na kila wiki anafariki mmoja, kwahiyo mchezaji yeyote anayefunga mara kwa mara utampatia orodha, hata straika wa Pamba Jiji ukikaa chini na kalamu utampatia.

Na siku hiyo ya Cardiff watu wanakumbuka msiba wanasahau cha maana. Alifunga mawili kwenye uwanja wa timu iliyomlea, hakushangilia hata moja, na mashabiki wa Cardiff waliofungwa 3-0 wakasimama kumpigia makofi. Mwambieni huyo aliyechelewa abiria aitafute hiyo video.

*Mwangaluka mhariri. Mi ni Man U damu. Ni kweli huyu Ramsey alitukataa? — Shabiki, Ukerewe*

Mwangaluka. Ndiyo, 2008. Alikuwa na miaka 17, anachezea Cardiff aliyoanza nayo utotoni. Huyu ni mtoto wa Caerphilly, na kule utotoni alicheza raga vizuri mpaka timu ya raga ya St Helens ikamtaka, mpira wa miguu ukabahatika kumpata. Aprili 2007 Cardiff wakamwingiza kwenye mechi na Hull akiwa na miaka 16 tu, rekodi ya klabu ya mchezaji mdogo kuliko wote, aliyekuwa anaishikilia ni John Toshack. Mwaka uliofuata akacheza fainali ya Kombe la FA akitokea benchi, wakafungwa na Portsmouth 1-0, bao la Kanu wa Nigeria. Baada ya hapo Man U, Everton na Arsenal wote wakakubaliana bei na Cardiff, Man U mpaka wakatangaza. Wenger wakati huo alikuwa Uswisi anachambua mechi za Euro kwenye televisheni, akamtumia ndege dogo na familia yake wakaenda kuongea nae hukohuko. Ikaisha. Bei kama pauni milioni 5. Nyinyi mlikuwa ndio kwanza mmetoka kubeba Ligi ya Mabingwa, msilie sana.

*Mbona nusu fainali ya Euro 2016 na Ureno hakucheza? Na mbona unamweka juu ya Giggs? — Mwalimu, Nyegezi*

Mwalimu umeuliza mawili. La kwanza jepesi, kadi. Robo fainali Wales wanaifunga Ubelgiji 3-1, Ramsey anatoa asisti mbili, afu anaunawa mpira sehemu ambayo haikuwa na hatari yoyote, njano ya pili ya mashindano, nusu fainali hayupo. Ureno wakashinda 2-0, Ronaldo na Nani. Sisemi Wales wangeshinda angekuwepo ila usiku ule nyota wao Bale alikuwa anarudi mpaka katikati kujitafutia mpira mwenyewe, na mtu wa kumpa ndio huyo aliyekaa jukwaani na nywele zake alizozipaka rangi ya dhahabu. UEFA walipotoa kikosi bora cha mashindano walimweka yeye na Joe Allen, viungo wawili wa nchi yenye watu milioni 3.1 hivi. Mkoa wetu wa Mwanza kwa sensa ya 2022 una zaidi ya milioni 3.6. Tafakari hapo, mwalimu.

La Giggs. Giggs ni mchezaji mkubwa kuliko Ramsey, sibishi, ila Giggs ni winga aliyeingia katikati uzeeni, na mechi zake 64 za Wales hazikumfikisha mashindano makubwa hata mara moja. Ramsey kacheza Euro mbili na Kombe la Dunia la 2022, ambalo Wales walikuwa hawajaenda tangu 1958. Na kwenda Euro ile ya pili ni yeye, Novemba 2019 na Hungary, 2-0, mabao yote mawili yake, akiwa ametoka kwenye majeraha. Akiumia Wales wanayumba, akirudi wanafuzu, ndivyo ilivyokuwa miaka kumi.

*Arsenal walimwachaje aende Juventus bure? Bosi hapa dukani anasema walirogwa. — Muuza spea, Makoroboi*

Hawakurogwa, waliacha mkataba ukaisha. Mkataba wake ulikuwa unaishia Juni 2019. Mwaka 2018 walikuwa kwenye mazungumzo mazuri tu, afu klabu ikaondoa ofa mezani. Mchezaji akibakiza miezi 6 anaruhusiwa kuongea na klabu ya nchi nyingine, kwahiyo Februari 2019 akasaini Juventus mapema, na ile hela ambayo Juve wangewalipa Arsenal ikahamia kwenye mshahara wake, magazeti ya Uingereza yaliandika pauni laki nne kwa wiki. Aprili akaumia nyama za nyuma ya paja kule Napoli na ndio ikawa mechi yake ya mwisho, miaka 11 imeisha kwa kutolewa nje anachechemea, akaaga kwa machozi akiwa hachezi.

Kule Juventus akabeba ligi ya 2019/20 na Kombe la Italia 2021, lakini ukweli usemwe, hakuwa Ramsey. Anacheza mbili anaumia, anacheza tatu anaumia. Mfupa uliovunjwa Stoke haukumsumbua tena, kilichomla ni misuli, paja na shavu la mguu. Vijana mnaosaini makaratasi ya timu bila kusoma, angalieni tarehe ya mwisho ya mkataba kabla hamjaangalia hela ya usajili, maana yeye tarehe hiyo ndio ilimtajirisha.

*Penalti ya Rangers. Elezea. — Hana jina, Sengerema*

Fainali ya Europa League 2022, mjini Sevilla, Rangers ya Scotland na Eintracht Frankfurt. Yuko kwa mkopo, anaingizwa dakika za mwisho kabisa za nyongeza kwa ajili ya penalti, wa nne kupiga, anapiga katikati, kipa Kevin Trapp anazuia kwa mguu. Wenzake wote walifunga. Mi kumwingiza mtu baridi apige penalti sijawahi kuipenda. Siku tatu baadae wakabeba Kombe la Scotland.

*Sasa hivi yuko wapi? — Mama Ntilie, Igogo*

Baada ya Juve akaenda Nice ya Ufaransa, 2023 akarudi nyumbani Cardiff, na Bale alipostaafu akavaa tena utepe wa Wales. Cardiff ya pili haikuwa tamu, majeraha tena, na Aprili 2025 kocha akafukuzwa zikiwa zimebaki mechi 3, Ramsey akapewa timu kwa muda, ikashuka mpaka ligi daraja la tatu ambako ilikuwa haijakanyaga tangu 2003. Timu ilishaoza kabla hajaikabidhiwa, hilo simbebeshi. Kiangazi hicho akaenda Mexico, klabu ya Pumas, wakaachana Oktoba 2025.

*Nimeokota jezi ya Arsenal pale Mlango Mmoja imeandikwa RAMSEY 16, muuzaji anataka elfu 25, anasema ni orijino ya mchezaji. Ninunue? — Mteja, Mabatini*

"Ya mchezaji" anakudanganya huyo, ila inaweza kuwa orijino ya kawaida. Angalia hivi. Namba 16 aliivaa tangu 2008 mpaka msimu wa 2015/16, baada ya hapo akachukua 8 mpaka anaondoka. Nike walitengeneza jezi za Arsenal mpaka 2014, Puma wakafuata mpaka 2019. Kwahiyo 16 na Nike ni sawa, 16 na Puma ni sawa kama ni ya 2014 mpaka 2016, 8 lazima iwe Puma. Kifuani miaka yote hiyo ni Fly Emirates. Adidas waliingia 2019 ameshaondoka, ukikuta adidas ina jina lake imechapwa mtaani hiyo, na ukikuta adidas imeandikwa RAMSDALE soma vizuri kabla hujalipa, huyo ni kipa. Elfu 25 usitoe, anzia 8.